Msalaba wa Murang'a: Amani na Haki katika Sanaa ya Ibada

Aghalabu wahakiki huichambua sanaa ya ibada kana kwamba ni pambo la mahubiri tu. Mtazamo huu unapuuza jambo moja muhimu: waumini huyasahau mahubiri, ilhali picha iliyo ukutani huonana nao kila Jumapili hadi uzeeni. Kwa sababu hiyo, anayetaka kujua jinsi kanisa linavyozielewa amani na haki hana budi kuzisoma kuta zake kama asomavyo matini nyingine yoyote.

Mfano ulio wazi ni michoro mitano ya Elimo Njau katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote, mjini Murang'a. Kanisa hilo la Kianglikana, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1955, lilijengwa kuwa kumbukumbu ya Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesomea Makerere, aliichora michoro hiyo mwaka 1959, kabla Hali ya Hatari haijaondolewa. Humo Yesu ni Mwafrika: anazaliwa, anabatizwa, anakula karamu ya mwisho, anaomba kwa uchungu bustanini na anasulubiwa, yote katika mandhari ya Kiafrika.

Hapa ndipo picha inapolizidi kusudi la jengo. Jengo liliwakumbuka waliouawa kwa kukataa kiapo, na kumbukumbu hiyo ni ya haki, kwani hao nao walidhulumiwa. Lakini msalaba ulikuwa chombo cha dola. Biblia ya Kiswahili humwita Pilato liwali, cheo ambacho watu wa pwani walikijua kwa maafisa wa Sultani na, baadaye, wa serikali ya kikoloni. Aliyesulubiwa alihukumiwa na mtawala wa kigeni katika nchi iliyotawaliwa kwa nguvu. Nchini Kenya, katika miaka ya Hali ya Hatari, zaidi ya Waafrika 1,000 walinyongwa kwa hukumu za mahakama za kikoloni. Basi anapoangikwa Mwafrika katika mchoro wa Murang'a wa mwaka 1959, mtazamaji hawezi kuwalilia mashahidi wa upande mmoja pekee.

Isidhaniwe kwamba mchoro unafuta tofauti za waliokufa. Unachokataa ni ile amani ya kufunika kombe. Mbele ya ukuta ule, huenda mjane wa aliyekataa kiapo na mama wa aliyenyongwa wakapiga magoti kupokea mkate mmoja. Mahubiri yaweza kuwataka wasameheane kabla mmoja wao hajasikilizwa. Picha haiamrishi, huwawekea mwili mmoja, kila mmoja akamtambua wake, kisha akamwona na wa mwenzake. Haki huanzia katika kuutambua msiba wa jirani. Amani isiyopitia hapo ni kimya tu.