Maji Yaliyoamsha Maradhi

Katika nchi kame mvua huombwa kwa dua, na mwombaji hataji kipimo. Wafugaji wa Garissa, kaskazini mashariki ya Kenya, na ndugu zao wa kusini ya Somalia walipewa bila kipimo tangu Oktoba 1997 hata Januari 1998. Mto Tana ulifurika, njia zikakatika, na mifugo iliyosalimika majini ikasimama katika matope mpaka kwato zikaoza.

Hasara hiyo ilionekana kwa macho. Iliyofuata ilikuwa imelala ardhini. Yako mabonde yajaayo maji kwa msimu tu, na humo mbu hutaga mayai katika udongo. Mengine huwa na virusi vya Homa ya Bonde la Ufa tangu kutagwa. Mayai hayo hustahimili ukavu kwa miaka. Yakifunikwa na maji, hutoka mbu walio tayari na maradhi. (Homa yenyewe si ngeni: ilielezwa na wataalamu mwaka 1931, kutoka shamba la kondoo karibu na Naivasha.) Kondoo na mbuzi walitupa mimba, na wana wao wakafa.

Hapa pana uchungu ambao hesabu haiusemi. Mfugaji mwema hamwachi mnyama wake: humzalisha kwa mikono yake, humchinja akatayeroho asije akawa mzoga, kisha huwagawia jirani nyama. Wema huo huo ndio uliompaka damu yenye maradhi. Yakadiriwa kuwa katika wilaya ya Garissa peke yake waliambukizwa watu 27,500 hivi. Wengi walipona; wengine walitokwa na damu wakafa.

Februari 1998 Saudia ikazuia mifugo ya Pembe ya Afrika, na kondoo wa bandari ya Berbera, mbali kabisa na mito iliyofurika, wakakosa soko.

Mwishoni mwa 2006 mvua zilirudi, na homa nayo. Uchinjaji na biashara ya mifugo vikapigwa marufuku: amri ya haki kwa afya, lakini mwenye mbuzi wasiouzika hawezi kuila. Onyo lililotokana na picha za setilaiti lilikuwa limetolewa wiki kadhaa kabla ya wagonjwa kutambuliwa. Chanjo ya mifugo ilianza Januari 2007, watu wamekwisha kuzikwa.