Imani Haikatazi Kufunga Begi



Leo sina mahubiri marefu. Nina toba. Nimeibeba tangu Aprili 2024, na kwa kuwa mawingu yameanza tena kukusanyika, nimeona niitoe hadharani. Huenda ikaokoa mtu.

Jumapili tarehe 21 Aprili mwaka ule, baada ya ibada, mama mmoja wa kanisa letu alinisubiri mlangoni. Alikuwa anaishi Kawangware, kwenye nyumba za mabati zilizo chini kabisa, karibu na mto. Akaniambia, "Mchungaji, maji yanazidi kupanda. Dada yangu wa Waithaka ananiita niende kwake na watoto hadi mvua ipungue. Niende?"

Nilikuwa nimetoka tu madhabahuni, moto bado unawaka. Nikamjibu, "Mama, usiogope. Mungu anakulinda. Kaa kwako, amini tu."

Akakaa.

Usiku wa Jumanne mvua kubwa ilinyesha Nairobi. Saa nane za usiku kijana wa jirani alimgongea mlango akipiga kelele. Aliposhusha miguu kitandani, maji yalimfika magotini. Alitoka na mtoto mmoja mgongoni, mwingine akiwa ameshikilia nguo yake. Walipona, jina la Bwana libarikiwe. Lakini kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, dawa zake za presha, sare za shule na pesa za kodi zilizokuwa chini ya godoro, vyote vilienda na maji.

Alhamisi alikuja kwenye maombi. Hakunilaumu hata kidogo. Alimshukuru Mungu kwa uhai. Mimi ndiye nilishindwa kumtazama machoni.

Kabla wiki haijaisha, alfajiri ya Jumatatu tarehe 29, tukasikia ya Mai Mahiu. Maji yalikuwa yamezuiliwa na udongo na takataka kwenye njia yake chini ya reli ya zamani, huko Old Kijabe. Yalipopasua yalishuka kwa nguvu na kusomba kijiji cha Kamuchiri watu wakiwa usingizini. Zaidi ya watu 50 walikufa. Wengi wetu hapa Dagoretti tunapitia Mai Mahiu tukienda Narok, na wengine tuna ndugu huko. Nilijiuliza: je, huko nako kulikuwa na mtu aliyetaka kuhama, mchungaji wake akamwambia akae?

Nikarudi kwenye Neno. Nikafungua Mathayo 4, pale Ibilisi anapomsimamisha Yesu juu ya hekalu na kumwambia ajitupe chini kwa kuwa malaika watamdaka. Tena alitumia Maandiko! Yesu akakataa. Mungu hajaribiwi namna hiyo. Wapendwa, nilitetemeka. Yale niliyomwambia mama yule mlangoni hayakufanana na maneno ya Yesu. Yalifanana na ya yule mwingine.

Mtazame Noa. Mungu alimwonya juu ya jambo ambalo hakuwa ameliona, naye akachukua shoka akaanza kukata mbao. Waebrania 11 inauhesabu ujenzi ule kuwa imani. Kwa hivyo onyo likija, iwe kwa ndoto, kwa redio au kwa dada yako wa Waithaka, imani ni kusimama na kufanya jambo.

Na maonyo tunayo. Mto Nairobi unaanzia kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu. Jua linaweza kuwaka Kawangware, lakini mvua ya Kikuyu ikashuka hadi mlangoni kwako. Mashambani nako, miteremko ya Murang'a huporomoka mvua ikizidi, na Novemba 2019 maporomoko ya ardhi kule West Pokot yaliua makumi ya watu usiku. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Miezi tunaijua. Kwa nini kila mwaka itukute kama wageni?

Basi fanya haya kabla mvua haijakolea:

1. Funga begi moja, liwe karibu na mlango. Weka vitambulisho na vyeti ndani ya nailoni, dawa za siku chache, tochi, pesa kidogo, nguo za watoto, na namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi, maana simu huzima.

2. Kubalianeni nyumba mtakayokimbilia, iliyo juu, na njia ya kufika huko usiku. Watoto waijue.

3. Jifunze dalili. Ukiona nyufa mpya ardhini, miti au nguzo zikiinama, au milango iliyokuwa ikifunga vizuri imeanza kukwama, mlima unasogea. Mto ukipungua ghafla na mvua bado inanyesha, usifurahi. Huenda maji yamezibwa huko juu. Ondoka.

4. Usivuke maji yanayokimbia, kwa miguu wala kwa gari. Maji ya magotini yanaweza kumwangusha mtu mzima. Zima umeme kwenye swichi kuu ikiwa bado unaifikia bila kukanyaga maji, na usikaribie waya ulioanguka.

5. Mafuriko yakiisha, chemsha maji ya kunywa au yatie dawa. Kipindupindu hufuata nyuma ya mafuriko.

Ukihitaji msaada, piga 999 au 112. Laini ya Msalaba Mwekundu ni 1199.

Kanisani kwetu tuligawa filimbi kwa nyumba zote za kando ya mto. Na zile spika tunazosumbua majirani nazo kila Jumapili, siku hizi zina kazi nyingine: mto ukipanda usiku, tunaziwasha. Kabla ya kila msimu wa mvua kuna mtu anayepita nyumba kwa nyumba kukagua mabegi. Ni mama yule yule.

Nilimwomba msamaha mbele ya kanisa. Akanijibu, "Mchungaji, nilishakusamehe. Lakini ukiulizwa tena, sema nenda."

Leo nasema, nenda. Mungu atakulinda kwa dada yako vile vile. Na kama una wazazi mashambani chini ya mlima au karibu na mto, wapigie simu jioni hii. Usiwaulize tu habari ya mvua na mahindi. Waulize watakimbilia wapi.

Tuombe: Baba, asante kwa maonyo unayotutumia. Utusamehe pale tulipoita ukaidi wetu imani. Wafariji waliopoteza wapendwa wao. Utupe masikio ya kusikia na miguu myepesi ya kuondoka mapema. Katika jina la Yesu, Amina.

Ubarikiwe, na ukishasema Amina, nenda ufunge begi.