Majaribio Yangu ya Kwanza Darasani

Bila shaka wewe, msomaji, umepata kufanya majaribio ya sayansi. Umetia chumvi katika maji, ukawasha moto, ukatazama. Chumvi haina haya wala kiburi. Haijui kwamba inatazamwa, wala haikuja maabara kwa hiari yake. Binadamu si hivyo, nami nalijifunza jambo hilo kwa kuaibika.

Nalikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, nikapelekwa katika shule moja ya msingi kwa mazoezi ya kufundisha. Nilipewa darasa la 6, watoto 40. Nalisadiki kwa moyo wote kuwa mtoto hufahamu upesi zaidi akionyeshwa picha. Basi nikakesha siku nyingi nikichora moyo, mapafu na mifupa juu ya karatasi kubwa za manila. Kisha nikatangaza kuwa atakaye kujifunza kwa picha abaki baada ya saa 10 alasiri. Wakabaki 18. Ulipofika mtihani, hao 18 waliwapita wenzao kwa wastani wa alama 13. Furaha yangu haikuwa na kifani! Nikaandika taarifa ndefu, nikaipigia mistari ya wino mwekundu, nikampelekea mkufunzi wangu.

Mzee yule aliisoma polepole, akavua miwani, akauliza neno moja tu: "Mwalimu, hawa 18 walipata nini katika mtihani wa muhula uliopita?"

Sikuwa nimetazama. Nikarudi shuleni, nikafungua daftari la alama. Walikuwa wamewapita wenzao kwa alama 12, kabla mimi sijachora hata mshipa mmoja. Waliobaki jioni walikuwa wale wapendao masomo, na wale ambao nyumbani hawakungojwa na mbuzi wala ndoo ya maji. Sikuwa nimepima picha. Nalipima bidii na nafasi, kisha nikazipa picha zangu sifa isiyo yao.

Mkufunzi hakunicheka. Alinieleza kuwa kosa hilo limewahi kuwanyemelea watu wenye elimu kubwa kuliko yangu. Paul Glewwe, Michael Kremer na wenzao walichunguza chati za picha katika shule za mashambani humu humu Kenya. Walipolinganisha shule zilizokuwa na chati na zile zisizokuwa nazo, chati zilionekana kuinua alama. Lakini walipochukua shule 178, nusu yao zikapewa chati kwa bahati nasibu, hawakuona dalili yoyote kwamba alama zimepanda. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2004. Huyo Kremer alikuwa mmoja wa watu 3 waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019.

Basi nikaanza upya. Nikatia katika kibuyu punje 20 za mahindi na 20 za maharagwe, kila mtoto akatoa moja bila kutazama. Wa mahindi wangesoma kwa picha, wa maharagwe kwa maneno matupu. Kura haimjui mwenye bidii wala mwenye mbuzi. Huwatawanya pande zote mbili. Nilidhani nimekwisha shinda, hata msichana mmoja aliyeshika haragwe lake kiganjani akasimama, akaniuliza:

"Mwalimu, sisi tumekosa nini?"

Sikuwa na jibu. Nadhani swali lile lilikuwa gumu kupita la mkufunzi. Chumvi haikuulizi kwa nini umeitia maji ya moto.

Nilipolipeleka chuoni, mkufunzi alinitolea mfano wa dawa za minyoo huko Busia, katika mradi ulioanza mwaka 1998. Shule zilikuwa 75, zikagawanywa makundi 3 ya shule 25. Kundi la kwanza lilipata dawa mwaka 1998, la pili mwaka 1999, la tatu mwaka 2001. Fedha na watu havikutosha wote kwa mara moja. Basi zamu zikapangwa kwa namna ambayo waliotangulia waweze kulinganishwa na waliosubiri, wala hakuna kundi lililoachwa kabisa. Nami nikawaahidi watoto wa maharagwe kuwa somo litakalofuata, la mimea, picha ni zao. Yule msichana alikubali, ingawa kwa uso wa mtu anayengoja kuona.

Hata hivyo siku ya tatu niliwakuta chini ya mwembe, mahindi na maharagwe pamoja, wakinakili moyo wangu kutoka daftari hadi daftari. Ningewakataza kusaidiana? Kule Busia ziligawanywa shule nzima nzima kwa sababu ya namna hiyo: mtoto aliyekunywa dawa hupunguza minyoo hata kwa jirani yake asiyekunywa, na ukiwalinganisha hao wawili wa darasa moja, faida ya dawa itaonekana ndogo kuliko ilivyo.

Mtihani ulipokwisha, kundi la mahindi lilitangulia kwa alama 2. Yawezekana picha hazifai kitu; yawezekana zimevuja chini ya mwembe; yawezekana watoto 40 ni wachache mno kuonyesha tofauti ndogo. Nikayaandika yote matatu katika taarifa ya ukurasa mmoja, bila wino mwekundu.

Wiki iliyofuata nikachora ua la mharagwe. Msichana yule alifika kabla ya kengele, akaketi dawati la mbele.