Sifuri Nayo Ni Namba

Leo tunaingia jikoni mwa kompaila. Usikimbie, hata kama huandiki programu tutaelewana.

Jedwali la heshi ni kama masanduku ya posta. Unakokotoa ufunguo wako, unapata namba ya sanduku, unaenda moja kwa moja. Ukikuta lina mwenyewe, unajaribu jingine. Ukikuta tupu, unaacha kutafuta. Lakini ukikuta lililofutwa, yaani mwenyewe amehama, unaendelea, maana unachotafuta huenda kiko mbele. Basi jedwali lazima litofautishe "tupu" na "limefutwa".

Kompaila ya GCC ilipoandikwa kwa C, jedwali lake lilibeba pointa za aina yoyote: 0 ilimaanisha tupu, 1 limefutwa. Kwa pointa hakuna ubaya, kwani hakuna data inayokaa kwenye anwani hizo. Mwaka 2012 ikaja templeti ya C++ iitwayo hash_table, na aina za data zikaanza kukaguliwa. Hata hivyo, mwanzoni nayo ilihifadhi pointa tu.

Mimi ninaandika kikompaila changu cha kujifunzia, na vigeu vyangu nimevipa namba kuanzia 0. Nilitaka jedwali lihifadhi namba zenyewe. Hapo ndipo penye hatari: jedwali likishikilia kwamba 0 ni tupu, kigeu cha kwanza kinapotea kimyakimya. Hakuna onyo lolote. Programu ya mtu inatoa hesabu mbovu, naye anakesha akitafuta kosa kwenye msimbo wake usio na kosa.

Dawa niliiona humo humo GCC, ilipopanuliwa baadaye. Jedwali haliamui tena. Kila aina ya data huja na maelezo yake: jinsi ya kukokotoa heshi, jinsi ya kulinganisha, na alama zake mbili. Kwa namba unaandika int_hash <int, -1, -2>, yaani -1 ni tupu na -2 limefutwa. Ukitoa alama moja tu, jedwali hukubali kuongeza lakini si kufuta.

Nimeufuata mtindo huo, na 0 yangu sasa inakaa kwa amani. Nilidhani msimbo wa jumla ni ule unaojua kila kitu. Kumbe ni ule unaomwachia mwenye data aseme mwenyewe sanduku tupu likoje.

Haya, tukutane tena.