Barua kwa Wanjiku, Kabla Hajapanda Mlima

Kangema,
Novemba

Mjukuu wangu Wanjiku,

Sisi huku hatujambo, na nyanya yako, cucu, amesisitiza salamu zake zitangulie zangu. Mvua za vuli zimenyesha vizuri. Majani chai yanachipua kwa kasi hata wachumaji hawapati siku ya kupumzika, na bonasi ilipoingia tulimalizia karo ya kijana wetu Kamau, kilichobaki kikaezeka zizi. Yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Goti la cucu bado linamsumbua akishuka kuelekea mtoni, lakini kanisani anakwenda kwa miguu na hataki kusikia habari za bodaboda.

Picha ulizomtumia baba yako tumeziona. Alikuja nazo Jumapili kwenye simu, na cucu akataka kujua kwa nini una barafu kwenye nyusi na kama siku hiyo ulikuwa umekula. Ile ya Februari, umesimama na mbao za skii miguuni katika barabara kuu ya mji wa Hayward, watu wakishangilia kando zote mbili, nimeipeleka Murang'a mjini ikachapishwa. Iko ukutani karibu na ya harusi yetu. Kilomita 50 juu ya theluji! Kisha Juni ukakimbia marathoni ya Duluth kando ya Ziwa Superior, na Septemba ukaingia msituni kukimbia kwenye vijia vya mawe na mizizi. Yote hayo ndani ya mwaka mmoja, na huku kazi ya hospitali hujaiacha. Ninajivunia wewe, na naandika hivyo waziwazi ili binamu zako watakaoisoma barua hii nao wajue.

Baba yako alinidokezea kwamba kuna aliyekuuliza Mkenya anatafuta nini kwenye theluji, na kwamba neno hilo lilikuuma, hasa kwa kuwa ulimaliza nyuma ya watu wengi. Lisikuume. Mwaka 1998, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani, kijana wetu Philip Boit aliingia mbio za skii za kilomita 10. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800, wa ukoo uleule wa Mike Boit aliyetuletea shaba kutoka Munich mwaka 1972. Theluji yenyewe aliiona kwa mara ya kwanza mwaka 1996, alipopelekwa Ufini kujifunza. Alimaliza wa 92, wa mwisho, dakika 20 hivi baada ya mshindi. Lakini mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikataa kwenda kuvishwa medali yake kabla Boit hajafika. Alimngoja pale kwenye mstari, akamkumbatia. Boit alirudi nyumbani akampa mwanawe jina la Dæhlie, kisha akashindana tena Salt Lake City mwaka 2002 na Torino mwaka 2006. Na mwaka 2018 akaja msichana, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, akatelemka milima ya PyeongChang akiwa na bendera yetu. Kwa hiyo njia hiyo imeshapitwa na wenzako. Tembea juu yake kichwa kikiwa juu.

Ile hadithi uliyomsimulia cucu kwa simu nimeitafakari sana. Kwamba mbio zenu za Hayward zinakumbuka mambo ya Norway ya mwaka 1206, vita vya kugombea kiti cha ufalme, wanaume wawili wakavuka milima kwa skii katikati ya baridi wakimbeba mtoto Haakon, ambaye baadaye akawa mfalme. Mimi niliyebeba mizigo ya watu mlimani ujana wangu wote nimeielewa kwa mabega. Wale wawili walikuwa hodari kuliko wengine, na uhodari wao wakautumia kumfikisha mtoto salama. Hakuna anayekumbuka walikwenda kwa saa ngapi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Nasikia ukija Desemba unataka kuanza kukimbia alfajiri kutoka lango la Sirimon la Kirinyaga, Mlima Kenya, ufike kilele cha Point Lenana, urudi langoni kabla ya giza. Siku moja, peke yako, na saa yako ya mkononi. Hilo, mjukuu wangu, silikubali.

Unajua kabla ya shamba hili nilikaa Naro Moru. Nilianza nikiwa pota, baadaye nikawa kiongozi wa mlima. Tulikuwa tukilala kituo cha hali ya hewa, Met Station, mita 3,050, asubuhi tunapita mteremko wa matope unaomeza buti, tunaingia bonde la Teleki lenye lobelia ndefu kuliko mtu, hadi kambi ya Mackinder, mita 4,200, ambako pimbi huja kuomba makombo. Saa nane usiku tunaanza kupanda kuelekea Lenana, mita 4,985, ili jua litukute juu.

Kuna kijana mmoja mgeni ambaye hajatoka akilini mwangu. Mwanariadha kama wewe, mwili umekazika, hana mafuta popote. Siku mbili kabla alikuwa ufukweni Mombasa. Siku ya kutoka Met Station alituacha sisi wenye mizigo, akawaacha na wenzake, tulipofika Mackinder tukamkuta amekaa juu ya jiwe akicheka kwamba tumechelewa. Jioni hakugusa chakula. Alisema ni uchovu tu, kichwa kinamgonga kidogo. Usiku kikohozi kikamshika. Nililala karibu naye, nikasikia kifua chake kikitoa mlio wa maji, naye anapumua mbiombio ilhali amelala kimya. Alipoinuka kwenda nje alipepesuka kwa namna ambayo mtu mzima asiyekunywa hapepesuki.

Kiongozi wetu, mzee wa Kieni aliyenifundisha kazi, hakungoja kupambazuke. Alisema maneno mawili tu: "Anashuka sasa." Tulimshika makwapani, mmoja mbele na taa, baridi imegandisha maji chupani. Kwenye matope tulimbeba mgongoni kwa zamu. Yule kijana aliyekuwa akitukimbia mchana hakuweza kufunga kamba za viatu vyake. Kulipokucha tulikuwa Met Station na rangi ya midomo yake ilikuwa imerudi, anaongea. Hatukuwa na dawa yoyote. Dawa ilikuwa kushuka. Na asubuhi hiyohiyo, huko juu, mwalimu mmoja wa kundi lake, mama wa makamo aliyekuwa akisimama kila hatua kumi kuvuta pumzi, alifika Lenana wa mwisho akiwa mzima kabisa.

Nimekuandikia kwa urefu kwa sababu watu wenye miguu mizuri hawaamini jambo hili mpaka wasimuliwe. Ukifika karibu mita 5,000, kila pumzi unayovuta ina nusu tu na ziada kidogo ya oksijeni unayoipata pwani. Mwili unaweza kujifunza kuishi hivyo, lakini unataka siku, na mazoezi hayapunguzi hizo siku. Mwenye nguvu yuko hatarini zaidi, maana miguu inampeleka juu kabla damu na mapafu havijajiandaa. Tena mlima wetu unadanganya kuliko mingine: barabara ni nzuri, mtu anaamka Nairobi na jioni analala mita 3,000.

Wala usiniambie ulizaliwa Kangema. Uliyoyapata hapa ukipanda vilima kwenda shule, mwili umeshayasahau. Minneapolis unakoishi ni tambarare, mita 250 hivi tu juu ya bahari, na mtu akishuka akakaa chini majuma machache, mazoea ya juu humtoka. Sisi wenyewe tunaoishi hapa tukipanda tunapanda taratibu.

Basi nitakwambia tutakavyofanya. Wiki ya kwanza ni ya nyumbani. Lala, kula, mchukue cucu kanisani. Kisha utakwenda na binamu zako Nyandarua, mpande Elephant Hill kwa upande wa Njabini mkiwa na askari wa msitu, kwa sababu ndovu na nyati wa huko hawajui mbio zako. Mtashuka siku hiyohiyo, ulale nyumbani. Baada ya hapo ndipo Kirinyaga. Mtaingia kwa Sirimon, mlale Old Moses, mita 3,300, usiku mbili. Najua usiku wa pili utauona ni kupoteza wakati. Kutoka Old Moses hadi kambi ya Shipton ni mita 900, na anayepita mita 3,000 hafai kupandisha kitanda chake zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja. Njia hairuhusu kugawanya vizuri, kwa hiyo tunalipa kwa kungoja. Mchana mpande kidogo, mshuke kulala. Shipton nako usiku mbili. Halafu Lenana, na kushuka kwa upande wa Chogoria, uone Ziwa Michaelson chini ya majabali. Mlima wote hauna sehemu nzuri kuliko hiyo, na anayekimbia haioni.

Kichwa kikiuma, sema. Ukitapika, hupandi hatua nyingine mpaka upone. Ukiona unapepesuka, au umekaa tu na pumzi hazitoshi, unashuka, hata ikiwa ni saa saba za usiku, hata ikiwa Lenana unaiona kwa macho. Usimfiche kiongozi wako lolote ili usionekane dhaifu. Daktari akikupa vidonge vya mlima ni sawa, ila visikupunguzie siku hata moja.

Na usije ukitafuta theluji ya kuteleza. Barafu ya Lewis, ambayo nilipoanza kazi tulitembea juu yake karibu na Austrian Hut, leo imebaki vipande. Nimesikia hata kwenye mbio zenu za Hayward mwaka 2024 theluji ilikataa, ikabidi watu wazungushwe kwenye njia fupi ya theluji ya mashine. Haya mambo yananihuzunisha kuliko ninavyoweza kuandika, kwa maana mito yetu inatoka kwenye milima hii, na mlima ukibadilika sisi wa chini ndio tunaohesabu ndoo.

Kuna neno la pili. Baba yako anasema mfupa wa muundi unakuuma tangu Septemba na bado unakimbia. Wanjiku, mwaka wako umekwisha, uache uishe. Chai yetu nayo hupogolewa kila baada ya miaka michache, ikabaki vijiti vitupu, miezi kadhaa bila jani la kuuza, na mwenye shamba asiyeikata hatimaye hupata mti mrefu usiochumika. Mtazame Catherine Ndereba, binti wa Nyeri hapa jirani. Mwaka 1997 alimzaa binti yake na msimu mzima hakushindana. Wapo waliodhani amekwisha. Akashinda Boston mwaka 2000, akashinda tena 2001, na Oktoba mwaka huo akavunja rekodi ya dunia Chicago kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47. Boston alirudi kuishinda 2004 na 2005. Na Beijing mwaka 2008, akiwa na miaka 36, alichukua fedha ya Olimpiki, ya pili baada ya ile ya Athens. Pumziko lile halikumnyang'anya kitu. Kwa hiyo mpaka utakapopanda ndege, usikimbie. Tembea, ogelea, lala. Kama mguu haujapona ukifika, tutaenda hospitali kwanza, na mlima utangoja Agosti.

Najua wewe ni mtu mzima, unajilipia nyumba na unawahudumia wagonjwa wa watu. Sikuandikii kama mtoto. Lakini jina ulilobeba ni la cucu yako, na katika nyumba hii hakuna anayeruhusiwa kwenda Kirinyaga peke yake, hata mimi sikuwahi.

Nimeshaongea na mtoto wa yule mzee wa Kieni. Naye ni kiongozi wa mlima sasa, mtaratibu, hapandi na mtu asiyekula chakula chake. Ana nafasi kuanzia tarehe 3 Januari, wakati wa ukavu, na atakuwa na mapota wawili. Ameniomba ukubwa wa viatu vyako na unijulishe kama mfuko wako wa kulalia unafaa baridi kali. Usipofaa atakutafutia Naro Moru. Kamau naye anataka kuja. Nimemwambia akubaliwe na wewe kwanza, kwa sababu mwendo wa kundi utakuwa wake, si wako, na utapaswa kumvumilia.

Niambie siku ya ndege ili gari lipangwe mapema. Na jibu la hayo mengine usimpe baba yako anifikishie. Nipigie Jumapili baada ya ibada, nilisikie kutoka kinywani mwako.

Mungu akulinde.

Ni mimi,
Guka