Baada ya Shahada, Narudi kwa Nyanya

Kama una mwana au ndugu anayesomea historia katika chuo kikuu, bila shaka umewahi kumwuliza swali nililoulizwa mimi kwa miaka minne: "Utaajiriwa na nani?" Kwetu Bulla Pesa, mjini Isiolo, mjomba aliliuliza kila likizo, na alikuwa na haki. Karo yangu ilitokana na mbuzi wake waliouzwa sokoni, pamoja na mkopo wa serikali ambao karibuni nitatakiwa kuulipa.

Nilipofika Nairobi nilidhani historia ni Vasco da Gama na tarehe za kukariri. Mwaka wa kwanza ulipita hivyo hivyo, na sina la kukusimulia juu yake ila njaa ya mwisho wa muhula. Mwaka wa pili mhadhiri alitueleza jinsi Profesa Bethwell Ogot alivyotegemea masimulizi ya wazee kuandika historia ya Wajaluo, kitabu kikachapishwa 1967, zama ambazo wasomi wengi wa Ulaya walishikilia kuwa asiye na maandishi hana historia. Nikatega masikio. Nyanya yangu hajui kusoma.

Mwaka wa mwisho nilishinda katika Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, nikifungua faili za kwetu. Nilisoma jinsi Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilivyofungwa mwaka 1926, mtu asiingie wala kutoka bila kibali. Na ile barabara ya Wabera katikati ya Nairobi, ambayo huenda wewe msomaji umeipita mara mia, je, wamjua mwenyewe? Ni Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliyeuawa kwa risasi tarehe 28 Juni 1963 pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Darasani kwetu hakuna aliyejua.

Lakini faili husema ya serikali. Vita vya Shifta, kuanzia 1963 hadi 1967, Waborana wa kwetu huviita Gaafa Daba, yaani wakati wa kusimamishwa. Watu walikusanywa kambini, mifugo ikafa kwa njaa na kwa risasi. Nyanya angali anawataja ngamia wa babake mmoja mmoja kwa majina. Katika faili nilizosoma sikukuta jina la ngamia, wala la mwenye ngamia. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 iliyagusa mambo hayo, ila ni mabuku mazito, nani kijijini atayasoma?

Basi mipango yangu ni hii. Nitasomea stashahada ya ualimu ili nisajiliwe na Tume ya Kuajiri Walimu, nifundishe Historia na Kiswahili huku kwetu. Jumamosi nitakwenda kwa wazee na simu yangu ya kurekodia. Siwezi kungoja nipate kazi kwanza. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1963 sasa amepita themanini.

Mjomba bado anauliza nitaajiriwa na nani, ingawa juzi alinitajia mzee mmoja wa Kinna ambaye yafaa nimwone upesi. Nyanya naye amekubali kurekodiwa, kwa sharti moja: tuanze na ngamia, watu baadaye.