Kamera ya Joto
Niliacha chuo, sasa naandikia mteja wa Marekani jinsi ya kuchagua darubini za joto za kuwinda nguruwe mwitu usiku. Kenya ilipiga marufuku uwindaji 1977, lakini landilodi hajali hilo.

Sensa ya 640 huonyesha mnyama wa mbali vizuri kuliko ya 384. Kule Mara, kamera kama hizi zilianza kunasa majangili gizani 2016.

Kisha nikaandika: haioni kupitia kioo, wala ukuta.

Nikakwama hapo. Aprili mwaka huohuo gorofa iliporomoka hapa Huruma, usiku wa mvua. Tulisimama kwa matope tukiulizana nani yuko ndani. Mtoto mmoja alitolewa hai baada ya siku tatu. Watu karibu 50 walikufa.

Mteja ametuma meseji: ile sehemu ya bei iko wapi?